Aliyeujua Mji ni Marashi

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na mji?
Ukaliwa.
Na nani?
Na maji.

Zamani sana, siku ya Ijumaa, saa kumi alasiri, bahari ilichukua nyumba ya muadhini wa Mtondooni. Ilikuwa bamvua, yale maji makubwa yajayo mara mbili kwa mwezi. Muadhini alitoka na kanzu, birika na mlango mmoja. Hakuna aliyekufa.

Kati ya bahari na nyumba ya Mwanakheri zilibaki nyumba tatu. Wenyewe walikwisha hama. Kila bamvua ilichukua nyumba moja, na Mwanakheri alihesabu kwa vidole: bamvua tatu kwa nyumba za watu, ya nne kwa nyumba yake.

Mwanakheri alikuwa msusi wa mikeka. Aliishi na mama yake, Mwana Shali, ambaye miguu yake iliacha kazi miaka minne nyuma. Kuhama kwenyewe kulikuwa kwepesi, maana ukili unasukwa popote. Kizito kilikuwa kuchagua.

"Mimi nitahama mara moja," mama alimwambia. "Ya pili nitabebwa kwa jeneza. Basi mwanangu, usinipeleke mahali halafu ukajuta."

Miji ya karibu ilikuwa mitatu, kila mmoja mwendo wa siku nzima: Madirishani, Visimani na Kokotoni. Mwanakheri alimtandika punda wake, jina lake Marashi, akaenda kuitazama. Zamani hizo punda walisema. Ila tu hawakuwa wakiulizwa.

Na desturi ya pwani wakati ule ilikuwa hii: mgeni huketishwa mkekani, punda wake huazimwa na mtaa kubeba mizigo.

Alifika Madirishani. Mji ulikuwa juu ya kilima, nyumba nyeupe, kila nyumba na madirisha ya nakshi. Mwenye nyumba alimpokea akamwambia, "Karibu, hapa ndipo kwenu." Siku ya kwanza alikula wali wa nazi. Siku ya pili alikula wali wa nazi na kuku. Mwanakheri alikuwa amelelewa: mgeni hamchoshi mwenyeji. Alfajiri ya siku ya tatu aliaga.

Njiani Marashi alisema, "Bibi, nimeanguka."

"Punda huanguka," Mwanakheri alijibu. "Twende."

Walipofika nyumbani nyumba ya kwanza ilikuwa imekwenda na maji. Mama aliuliza, "Wapi pazuri?" Mwanakheri alisema Madirishani hapana mfano, na kwamba wako tayari kuwapokea hata kesho. Lakini usiku huo hakulala, akiwaza kwamba mji mmoja peke yake huwezi kuulinganisha na kitu.

Mko nami?
Tuko nawe.

Akaenda Visimani. Mji ulikuwa bondeni, visima kumi na viwili, maji matamu yasiyo na chumvi hata kidogo. Mwenye nyumba alimpokea akamwambia, "Karibu, hapa ndipo kwenu." Siku ya kwanza alikula samaki wa kupaka. Siku ya pili alikula samaki wa kupaka na mkate wa kumimina. Alfajiri ya siku ya tatu aliaga.

Njiani Marashi alisema, "Bibi, nimeanguka."

"Punda huanguka. Twende."

Nyumba ya pili haikuwapo tena. Mama aliuliza, "Wapi pazuri?"

Mwanakheri alisema pale pana madirisha ya nakshi, na maji yake ni matamu, na kuku wao ni laini.

"Hayo ni ya mji mmoja au miwili?" mama aliuliza.

Mwanakheri alijaribu kuitenganisha. Maneno ya wenyeji yalikuwa yaleyale, tabasamu lilelile, hata mto aliolalia ulikuwa na foronya ya rangi moja. Akasema hajui.

Mko nami?
Tunaanza kupotea.

Akaenda Kokotoni. Mji ulikuwa juu ya mawe. Watu wake walivunja mawe na kuyauza kwa wajenzi wa miji mingine. Madirisha yalikuwa matundu. Maji yalikuwa na chumvi. Mwenye nyumba aliitwa Bi Nunu, na alikuwa anapuliza moto mgeni alipobisha hodi. Alisema bila kugeuka, "Karibu, hapa ndipo kwenu." Siku ya kwanza alikula muhogo. Siku ya pili alikula muhogo. Alfajiri ya siku ya tatu aliaga, na safari hii hakuona tabu kuaga.

Njiani Marashi alisema, "Bibi, nimeanguka."

"Punda huanguka. Twende."

Nyumba ya tatu ilikuwa imekwenda. Sasa maji yalipojaa, povu lilifika kwenye kibaraza chao. Mama aliuliza, "Wapi pazuri?"

Mwanakheri alikaa chini. Alieleza kwamba Madirishani pana upepo ila maji huyapandisha kilimani, Visimani pana maji ila joto la bondeni halina mfano, Kokotoni hapana kitu ila Bi Nunu naye kasema hapa ndipo kwenu, na kama wote watatu wanasema neno moja, ama wote wanasema kweli ama hakuna anayesema kweli, na yeye hajui amwamini yupi. Akapendekeza Madirishani. Kisha Visimani. Kisha akaomba siku mbili za kufikiri.

Mko nami?
Tumepotea.
Na yeye pia.

Siku mbili zikawa kumi. Zilipobaki siku nne kabla ya bamvua, walitoka bila uamuzi. Mama alipandishwa juu ya Marashi, mikeka ikafungwa, mlango ukafungwa kwa komeo kana kwamba bahari hubisha hodi. Walifika njiapanda. Kulia Madirishani, kushoto Visimani, mbele Kokotoni.

Mwanakheri alisema kulia. Mama alisema kushoto, kwa sababu ya maji. Mwanakheri alikubali kushoto, mama naye akawa amekubali kulia. Wakabadilishana tena. Jua lilikuwa linapanda na hakuna aliyesogea.

Marashi akasema, "Nilianguka kote."

Mwanakheri alifungua kinywa kusema punda huanguka. Mama akamzuia kwa mkono.

"Ulipoanguka, ikawaje?"

Hilo swali punda yule hakuwahi kuulizwa. Akaeleza.

"Madirishani nilikuwa na chokaa mgongoni. Nilianguka ngazini. Madirisha arobaini yalifunguka. Mlango haukufunguka hata mmoja."

"Visimani?"

"Nilikuwa na maji. Watu saba walikuja mbio. Wakauliza maji ni ya nani. Mwenye maji akauliza punda ni wa nani. Waliulizana mpaka alasiri, nami niko chini."

"Kokotoni?"

"Nilikuwa na mawe. Alikuja mtu mmoja. Akanitukana, akamtukana na mama yangu ambaye hamjui. Halafu akachukua nusu ya mawe akajitwika mwenyewe."

Mwanakheri alichanganyikiwa zaidi. Alimuuliza mama yake kama inawezekana mtu aache wali wa kuku afuate matusi.

"Matusi nimeyazoea," mama alisema. "Nimekaa na mume miaka thelathini. Mwanangu, wewe umekaa siku sita, zote za ugeni. Huyu hajawahi kuwa mgeni hata siku moja. Twende mbele."

Walifika Kokotoni wakati wa magharibi. Bi Nunu alisema, "Karibuni, hapa ndipo kwenu," akaendelea kupuliza moto. Siku ya kwanza walikula muhogo. Siku ya pili walikula muhogo. Alfajiri ya siku ya tatu Mwanakheri aliamka kwa mazoea, akaanza kukunja mkeka. Mama alimwambia aukunjue.

Bi Nunu akaingia. Mkono mmoja alikuwa na jembe, mkono mwingine ungo wa kunde. Jembe alimpa Mwanakheri, akamwonyesha tuta la mihogo nyuma ya nyumba. Ungo akauweka mapajani mwa mama.

Mwanakheri alisema kwa adabu kwamba mama yake ni mgonjwa, hafanyi kazi.

"Mgonjwa ni miguu," Bi Nunu alisema. "Kunde huchambuliwa kwa miguu?"

Mwana Shali aliutazama ungo. Miaka minne hakuna aliyemwekea kitu mapajani ila sahani ya chakula. Akaanza kuchambua. Baada ya muda akasema, "Kunde zako zina mchanga."

"Za kwenu zilikuwa na nini? Lulu?"

"Zilikuwa na mwenye kupepeta."

Waligombana mpaka adhuhuri. Mwanakheri alisikia kutoka shambani, akaja mbio na udongo miguuni, akauliza kama afunge mizigo.

"Ufunge nini?" mama alisema. "Kesho kuna ungo mwingine."

Bi Nunu alimuuliza Mwanakheri tuta limefika wapi. Mwanakheri alirudi shambani. Bado hakuwa na hakika kama wamepokewa au wamefukuzwa, na alilima hivyohivyo.

Funzo lake, wanaosimulia hawapatani. Wapo wasemao mgeni siku mbili, ya tatu ndiyo ya kuujua mji. Wapo wasemao ukitaka habari za mji usimuulize aliyekaribishwa, muulize aliyebebeshwa. Na wapo wasemao Marashi hakuanguka popote, alilala makusudi mara tatu. Hilo sikuweza kulihakikisha, maana siku hizi punda hawajibu.

Mko nami?
Tuko nawe.
Basi kaufungeni mlango, ngano imekwisha toka.

La mwisho lililoonwa kwa macho ni hili: Jumatatu, saa kumi alasiri, bamvua ya nne ilichukua nyumba ya Mwanakheri, pamoja na komeo. Ndani hamkuwa na mtu.