Msafara Uliogoma Kuingia Bondeni

"Kawia usifike." Najua mmezoea kusikia "kawia ufike", na mwalimu wenu hakukosea. Lakini hapa chamani tunasema hivyo, na kwa kuwa mmeniuliza, methali hii ilianza hivi.

Mwaka ule chama chetu cha michezo ya vita, hapa Iringa, kiliandaa vita vya Lugalo, pale Wahehe walipowavizia Wajerumani bondeni enzi za mababu, juu ya meza tatu zilizounganishwa. Askari walikuwa vijisanamu vya kimo cha kidole gumba. Mimi niliongoza Wahehe. Masika yote nilikuwa nikiwapaka rangi, ngao kwa ngao, na sikutaka kingine ila kuwaona wakipigana. Mzee Luhwago aliongoza msafara wa Wajerumani. Alitakiwa kuufikisha kwenye ngome kabla ya saa kumi, kwa maana ukumbi ulikuwa na zamu ya wanakwaya. Njia zilikuwa mbili: kupita bondeni, au kuzunguka kilima. Maficho ya wapiganaji wangu aliyajua mwamuzi tu, na hawakuruhusiwa kutokea mezani mpaka msafara uwakaribie.

Zamu ya kwanza, Luhwago akasogeza msafara upana wa kidole. Ya pili, vivyo hivyo. Tulipomaliza kula chakula cha mchana, yeye alikuwa bado anapima kwa rula.

"Mzee, ingia bondeni," nikamwambia.

"Siingii. Lugalo naijua. Babu yangu alinisimulia."

"Wewe umesimuliwa. Hao askari wako wamesimuliwa na nani?"

"Mwanangu, kawia ufike."

"Basi zunguka kilima."

"Nako nakufikiria."

Wenzake wa upande wa Wajerumani wakamsihi, mmoja akajilaza kwenye benchi. Wanakwaya wakaanza kuchungulia mlangoni. Saa kumi mwamuzi akatangaza: msafara haujafika, Wahehe wameshinda. Ushindi gani huo? Hakuna mkuki uliorushwa, wala dadu. Jeshi langu lilirudi nyumbani ndani ya boksi lilimokuja.

"Uliwaficha bondeni, sivyo?" Luhwago akaniuliza, akitabasamu.

"Bondeni hapakuwa na mtu. Niliwaweka nyuma ya kilima, maana nilijua unaijua Lugalo."

Tabasamu likamtoka. Ndipo nikamwambia mbele ya watu wote, "Kawia usifike, mzee."

Akasema nimemvunjia heshima, yeye mtu wa rika la baba yangu, na nimwombe radhi. Nadhani sasa mmeelewa. Yupo anayekawia akafika, na yupo anayekawia mpaka akawanyima na wenzake safari. Huyo wa pili ndiye tunayemwambia: kawia usifike.

Radhi sikumwomba, wala sitamwomba.