Gunia la Fisi na Mayai ya Mama Kobe

Wapo watakaowasimulia kisa hiki kwa kusikia. Mimi sikusikia, niliona. Nilikaa juu ya kichuguu, mvua inanichapa mgongoni, na hakuna neno lililotoka kinywani mwa mnyama yeyote siku zile lisilopitia masikioni mwangu. Anayebisha akamuulize Fisi mwenyewe, kama Fisi atakubali kusimama.

Masika ya mwaka ule yaligoma kwisha. Wanyama walisahau jua linatokea upande gani, na baridi ikaingia ardhini kama mgeni aliyekuja na mkeka wake. Aliyeumia kuliko wote ni Mama Kobe. Kobe halalii mayai. Huyafukia mchangani, kazi iliyobaki akaliachia jua. Sasa jua halipo, na mayai yako chini. Akilaza shavu kwenye mchanga, anasikia baridi ya kisimani. Ikabidi aweke jiko la mkaa kando ya kiota, liwake mchana na usiku mpaka watoto watoke. Likizimika kutwa nzima, hana watoto.

Mkaa alinunua kwa Sungura. Ulikuwa mkavu, unawaka vizuri, na bei yake ya kutoa machozi: vibaba vitatu vya mtama kwa gunia. Lakini Sungura akileta gunia haondoki. Hulikoka jiko mwenyewe, akachuchumaa akalitazama, akauliza, "Moshi unakwenda wapi, mama? Kwenye kiota? Hapana, tuligeuze." Hata siku asipouza kitu, akipita njiani huchungulia.

Mama Kobe hakuupenda wema ule. Msitu mzima unajua Sungura ni mjanja, na mjanja akikutendea mema, usingizi unakukimbia.

Basi Fisi alipofungua genge lake la mkaa njiapanda, Mama Kobe alikwenda kutazama. Kibaba kimoja tu, gunia la lumbesa: limejazwa hadi mdomoni, halafu juu yake kimefumwa kilemba cha kamba na mkaa mwingine ukapangwa humo, umesimama kama kichuguu. Mama Kobe alikaza shingo mpaka ikauma. Hakuona kitu ila kitako cha gunia. Akamsimamisha Twiga aliyekuwa akipita.

"Baba Twiga, hebu nitazamie huko juu. Mimi mwenzio macho yangu yanaishia kwenye mshono."

Twiga akainamisha shingo kwa madaha. "Mama, kichwa kimesimama. Vipande kama mapaja ya ngiri."

"Na chini je?"

"Chini mimi sijafika tangu nizaliwe. Lakini kitu kikiwa kizuri hivi juu, huko chini kitaharibikia wapi?"

Fisi akacheka kicheko chake kile. "Umemsikia mtaalamu? Mama, Sungura anakuuzia mkaa au anakuuzia maneno? Mimi maneno sina. Bei yangu inajisemea yenyewe."

Mama Kobe akakilipa kibaba. Njiani akakutana na Sungura, akamwambia wazi, "Mwanangu, nimepata kwa bei nafuu."

"Sawa, mama," Sungura akasema. "Ukikusumbua, unajua ninapokaa." Hakununa hata kidogo, na hilo likamtia Mama Kobe wasiwasi zaidi.

Mkaa wa kilembani uliwaka kwa shangwe. Alipofika ndani ya gunia, mkono ukatoka na chenga, majani yaliyooza na udongo mweusi. Jiko likakohoa, likafuka moshi, likaanza kufa. Mama Kobe akajikokota hadi njiapanda.

"Bwana Fisi, mkaa wako hauwaki."

"Unaupepea?"

"Naupepea mpaka mikono imekufa ganzi."

"Basi unaupepea vibaya."

"Njoo unionyeshe vizuri."

"Mama, kwa kibaba kimoja unataka mkaa na miguu yangu pia? Hebu sogea, kuna wateja nyuma yako."

Mama Kobe akageuka. Nyuma hapakuwa na mtu. "Nije lini, basi?"

"Njoo kesho."

"Kesho mayai yatakuwa mawe."

"Basi njoo kesho kutwa, ukiwa umetulia."

Akaenda kwa Sungura, shingo kaificha kwa aibu. Hakumaliza hata kueleza. Sungura alitwaa chungu cha makaa mekundu, akajitwika kichwani, akatimka. Mama Kobe alipofika nyumbani alikuta jiko limeshapata uhai na mchanga umeanza kupata joto.

"Mbona hujauliza malipo?" akamwambia.

"Malipo yapo palepale, vibaba vitatu, na punje sikupunguzii. Unadhani nafanya haya kwa wema? Fisi anamwona mteja mara moja, anamtafuna. Mimi nataka nikuuzie wewe, niwauzie hao waliomo mchangani, na watoto wao nao nije niwauzie. Ukoo wenu mnaishi miaka mingi, mama. Nimeshawapigia hesabu."

Mama Kobe akacheka mpaka gamba likatikisika. Ujanja alioutafuta siku zote ndio huo, na sasa kwa kuwa ameuona, akalala fofofo.

Lakini Simba alikuwa hajalala. Kelele za wauza mkaa kugombania wateja zilimkera, akaitisha baraza. "Msitu wangu utakuwa na muuzaji mmoja," akatangaza. "Nitamchagua leo. Mwingine azibe tanuri lake."

Sungura akaleta gunia lake la kawaida, limefungwa mdomoni. Fisi akaleta lumbesa ndefu kuliko zote. Simba akaizunguka, akaichezea sharafa yake ya shingoni, akasema, "Gunia hili lina kichwa kama changu." Twiga akaafiki kutoka mawinguni. Fisi akaanza kulamba midomo.

Mama Kobe akaona watoto wake wanakufa mbele yake. Fisi akishinda, makaa ya Sungura hayapo tena.

"Mfalme, naomba neno."

"Nani anasema?"

"Huku chini. Naomba magunia yafunguliwe kitakoni."

Fisi akaruka. "Gunia halifunguliwi huko. Ni mkosi. Marehemu baba yangu..."

"Twiga amelitazama juu," Mama Kobe akasema. "Mimi ninaishi huko chini. Mfalme ana makucha, apasue mwenyewe."

Kumwambia Simba ana makucha ni kumkaribisha ayaonyeshe. Akapasua gunia la Sungura, ukatoka mkaa. Akapasua la Fisi, zikamwagika chenga, majani, udongo, na konokono mmoja aliyekuwa amejihamia humo.

"Washa," Simba akasema.

Fisi akawasha. Akapuliza, akapepea, akalala kifudifudi akapuliza tena. Moto haukuja. Ulikuja moshi, ukaenda moja kwa moja kwenye sharafa ya mfalme, ikageuka nyeusi mbele ya baraza zima. Hapo wanyama wakajifanya wanatazama miti.

"Fisi," Simba akasema taratibu, "kila uliyemuuzia utampelekea gunia jipya. Utalikoka jiko lake mwenyewe, na hutatoka hapo mpaka liwake."

"Mfalme, mkaa nitautoa wapi?"

"Muulize mwenzako."

Fisi akamgeukia Sungura, mkia kati ya miguu. "Ndugu yangu, utanifanyia bei gani?"

"Vibaba vitatu," Sungura akasema. "Na kwako ndugu, nitakuja kukufundisha kupepea bila malipo."

Tangu siku hiyo Mama Kobe akiulizwa mtu anunue wapi, jibu lake ni moja: muuzaji usimpime siku anapopokea mtama wako, mpime siku moto wako umezimika.

Mayai yakapasuka yote, hakuna lililobaki. Kitoto cha mwisho kilitoa kichwa mchangani, kikanusa joto, na kabla hata hakijamwamkia mama yake kikauliza, "Mkaa huu ni wa nani?"

Hapo kitotoni nimeongeza langu. Kitoto cha kobe hakisemi siku ya kwanza. Hayo mengine yote nilikuwepo.