Mwamba wa Vikapu

Akina mama wenzangu, alikuwepo bwana mmoja wa bara aliyeoa kisiwani, akanunua boti ya faiba yenye mashine. Mama mkwe wake alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hospitali iko ng'ambo ya mlango wa bahari. Bwana yule hakuwahi kuuvuka mlango ule hata mara moja. Alilijua hilo, kwa hiyo hakufanya haraka.

Alijipanga wiki nzima. Alinunua jaketi za kuelea, moja kwa kila mtu. Aliweka petroli ya kwenda na ya kurudi, na dumu moja la akiba. Alichora njia katika daftari la shule la mtoto wake: kutoka gatini, nyoosha moja kwa moja mpaka mnara wa simu wa ng'ambo. Rafiki yake, fundi wa mashine, alikaa naye barazani wakapanga saa.

"Ondoka maji yakijaa nusu," fundi alisema. "Boti hii nyepesi, fungu la mchanga utalipita juu kwa juu. Saa mbili asubuhi mama yuko kwa daktari."

Yule mama mzee akacheka. "Nikipona macho nitaona kama mkwe wangu ni mzuri kama ninavyoambiwa."

Mke alikuwa pembeni anamenya muhogo. Yeye alizaliwa pale. Tangu utotoni, maji yakipwa, alitoka na wanawake wenzake kwa miguu mpaka kwenye fungu hilo kuokota chaza. Mwisho wa fungu pana mwamba, nao waliweka vikapu vyao juu yake. Maji yaliporudi na kuufunika waliambiana, "Haya, twendeni nyumbani." Saa hiyo maji yanakuwa yamejaa nusu.

Aliutazama ule mstari wa penseli. Ulipita juu ya mwamba wa vikapu.

Kisu kilisimama mkononi mwake. Fundi akamwona. "Shemeji, mbona umetukodolea macho? Unataka unahodha?"

Wote wakacheka. Na yeye akacheka, akaendelea kumenya.

Asubuhi bwana na mama mkwe wake waliondoka kwa saa iliyopangwa. Mashine ilikuwa nzima, petroli ilitosha, hakukuwa na upepo. Boti iliugonga mwamba kwa kasi yake yote. Bwana aliokotwa amelikumbatia dumu. Mama mkwe alikuwa anaelea, jaketi ilifanya kazi yake vizuri, lakini alirushwa mbele na kichwa chake kiliugonga mwamba. Alikuwa amekwisha kufa.

Ninawaona mnatikisa vichwa. Mnasema, wanaume hawa! Kwa nini hakumuuliza mke wake?

Alimuuliza.

Jioni ile, fundi alipokwisha kuondoka, mume alilileta daftari jikoni. Alisema, "Mama watoto, wewe ndiye mwenyeji. Njia hii iko sawa?" Mke akafuta mikono yake kwa kanga. Akajibu, "Mimi nitajua nini? Wanaume ndio mnaojua."

Sisi tunaliita jibu hilo adabu. Tumefundishwa hivyo, na tunawafundisha binti zetu. Lakini nani aliyempa yule mwanamke miguu ya kuufikia mwamba ule, na macho ya kuuona? Mungu alimpa kwa ajili ya nini, kama si kwa ajili ya siku ile? Na wewe uliyeketi hapa, unajua kwa nini mtoto wa jirani hataki tena kutumwa kwa yule mwenye duka. Unajua. Mama yake alikuuliza kisimani, ukasema, "Sijui, watoto wana mambo yao."

Sina neno la kumfariji yule mwanamke. Nimelitafuta, sikulipata. Baada ya mazishi maji yalikupwa sana, akaenda peke yake mpaka mwisho wa fungu. Rangi ya bluu ya boti ilikuwa bado imeng'ang'ania mwambani. Maji yalimfika kwenye kifundo cha mguu. Aliweka mkono juu ya jiwe, akageukia upande wa gatini, akapaza sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake:

"Hapa pana mwamba! Msipite hapa!"

Gatini hapakuwa na mtu.

Akina mama, na sisi tunangoja maji yapwe ndipo tuseme?