Redio ya Stesheni Moja

Isome hii taratibu. Ikikugusa, mpelekee mwenzako anayefanya biashara.

Palikuwa na mjane pale Tabora mjini, jina lake Nyamizi. Marehemu mumewe, Kapela, alikuwa mnadi wa mbuzi, na alikuwa na desturi moja iliyowachekesha wenzake. Kabla hajamsifu mbuzi, alimwinua ule mguu mbovu ili kila mtu auone.

"Kilema kwanza, sifa baadaye," alikuwa akisema.

Mungu alimchukua wakati wa Kwaresima. Nyamizi akabaki na wajukuu wawili. Kufua nguo za watu kuliwapatia ugali, lakini sare na madaftari vilimshinda. Ndipo akaanza kununua vitu vilivyotumika, akavisugua vikang'aa, akaviuza kwenye kundi la simu liitwalo Mnada wa Jumamosi. Muuzaji hutuma picha, watu hupandishiana bei kwa maandishi, na ikifika saa kumi jioni, mwenye dau la juu ndiye mwenye mali.

Wajukuu walivaa viatu kwa mnada ule. Nyamizi hakuacha kumshukuru Mungu kwa ajili yake, hata siku ambazo machozi yalimtangulia kwenye sala.

Ila kundi lilikuwa na sheria. Vitu vyako vitatu vikikosa mnunuzi kwa mfululizo, unaondolewa, nafasi anapewa mwingine. Nyamizi alikuwa ameleta feni akaandika, "Ina kelele." Haikununuliwa. Akaleta pasi akaandika, "Inachelewa kupata moto." Nayo ikarudi kabatini. Sasa kilibaki kitu kimoja, redio aliyoinunua kwa mwalimu aliyehama.

Redio ilikuwa nzuri, na sauti yake safi. Lakini kile kidude cha kutafutia stesheni kilikuwa kimekwama. Ilishika stesheni moja tu, ile ya sala na kwaya, basi.

Jirani yake Sikudhani alipoiona alipiga makofi. "Shoga, mbona rahisi! Iwashe, irekodi ikiimba, watumie. Nani atajua?"

"Atakayeinunua atajua."

"Atajua keshalipa! Nyamizi, leo ukikosa, umetolewa. Hao watoto watavaa hayo maneno yako ya kweli?"

Nyamizi akaichukua simu. Aliogopa, tena sana. Mwisho akafanya ishara ya msalaba, akaandika polepole kwa kidole kimoja:

"Redio. Sauti nzuri. Inashika stesheni moja tu ya dini, ile ya sala na kwaya. Kidude kimekwama, haibadiliki."

Kundi likalipuka kwa vicheko.

"Mama, hiyo si redio, hiyo ni katekista!"

"Mimi nataka mpira. Hapo nitasikiliza mahubiri dakika tisini!"

Mwenyekiti wa kundi akaandika, "Mama Nyamizi, pole. Zimebaki dakika tano."

Hakuna aliyeweka dau. Dakika nne. Tatu. Nyamizi akainamisha kichwa. "Bwana," akasema, "asante kwa ulichonipa. Wajukuu hawa usiwaache."

Simu ikalia. Mtu aitwaye Maganga, wa mtaa wa Isevya, alikuwa ameuliza: "Mama, shikamoo. Hicho kidude kimekwama kabisa? Hata mtoto akikizungusha kwa nguvu?"

"Marahaba, baba. Kimekwama kabisa. Sitaki kukudanganya."

"Elfu kumi."

Kabla watu hawajacheka, akaandika tena: "Elfu ishirini."

"Kaka, unashindana na nani?" mmoja akamuuliza. "Na kivuli chako?"

"Nashindana na bahati yangu, isije ikanitoroka," akajibu Maganga. "Mama yangu haoni. Faraja yake ni stesheni hiyo hiyo. Wajukuu zake wakirudi kutoka shule wanahamishia redio kwenye muziki, wakienda kucheza wanamwacha hivyo hivyo. Yeye hawezi kuirudisha, na mimi nipo kazini. Nimenunua redio tatu, na wauzaji wote walinisifia kwamba zinashika stesheni zote. Kumbe nilikuwa natafuta inayoshika moja."

Mara yule aliyetaka mpira akaandika, "Mama, ile pasi bado ipo?"

Jioni ile ile Maganga alifika kwa baiskeli, akaifunga redio kwa kanga kama mtoto mchanga, akaondoka nayo.

Siku ya pili Nyamizi alipokea ujumbe wa sauti kutoka simu ya Maganga. Nyuma kwaya ilikuwa ikiimba, na mbele yake sauti ya bibi kizee, iliyochoka lakini yenye furaha:

"Mwanangu, sikujui. Leo nimesali tangu alfajiri, sijamwita mtu aje kunisaidia. Mungu akufute machozi, kama unayo."

Nyamizi alirudia kuusikiliza mara tatu. Kisha akapiga magoti sakafuni. Tangu amzike mumewe, hiyo ndiyo sala ya kwanza ambayo hakuomba kitu chochote. Alishukuru tu, mpaka uji wa watoto ukaungua jikoni.

Funzo: Usiifiche kasoro ya unachouza. Hujui ni nani amekuwa akimwomba Mungu ampatie kitu chenye kasoro hiyo hiyo.