Hodi ya Tatu

Mwanamke mmoja alikuwa na duka lisilo na mlango. Msicheke, maduka ya siku hizi ndivyo yalivyo. Duka lake lilikuwa ndani ya simu. Alinunua viatu vya mtumba kwa belo, akavisugua, akavipaka rangi, akaviweka juu ya kigoda penye mwanga wa dirisha, akavipiga picha na kuzirusha mtandaoni. Aliyependa alituma pesa kwa simu, na kiatu kikamfuata kwa bodaboda, au kwa basi kama yuko mkoa mwingine. Jina lake Sikudhani. Aliishi peke yake katika vyumba viwili vya uani, kwenye mji mmoja wa bara ambapo mabasi ya safari ndefu husimama kwa muda wa saa moja ili abiria wapate kula, kisha huendelea na safari.

Kazi aliiweza, tena sana. Hakuwahi kumuuzia mtu kiatu kilichoachia soli akajifanya hakuona. Basi alikuwa anaogopa nini? Aliogopa kwa sababu hakuwahi kwenda ofisi ya kodi kuandikisha biashara yake. Mwezi wa kwanza alisema bado ndogo. Mwezi wa sita alisema ngoja kwanza isimame. Mwaka ulipopita, ikawa akienda leo ataulizwa habari za jana, na jana ilikuwa imeshakuwa ndefu. Wengi wetu hapa tunaijua njia hiyo, ingawa hatuuzi viatu.

Kisha kwenye kundi la wauzaji wenzake mtu mmoja akaandika kwamba maofisa wa kodi siku hizi wanajifanya wateja. Wanauliza bei, wanauliza unapatikana wapi, halafu wanakuja mpaka nyumbani na bahasha ya kaki mkononi. Ilikuwa kweli au uzushi? Sikudhani hakuuliza. Tangu siku hiyo akaanza kujifuta. Aliondoa sura yake kwenye ukurasa, akaondoa na jina. Laini ya simu aliyokaa nayo miaka saba aliitupa chooni, akashika nyingine iliyosajiliwa kwa jina la mtu asiyemjua. Mwenye bodaboda alikutana naye penye mashine ya kusaga, mtaa wa pili, wala hakuonyeshwa nyumba.

Wanawake wa mtaani walikuwa na chama chao cha kufa na kuzikana, wakamfuata aingie. Katibu alifungua daftari, akaandika jina, akauliza shughuli yake. Sikudhani akajibu, "Aa, mimi nipo nipo tu."

Jibu hilo mnalijua. Nipo nipo tu, maana yake sina la kutajwa, nirukeni mwende kwa mwingine. Katibu aliliandika vilevile lilivyotoka, nipo nipo tu, mbele ya jina la mtu mzima mwenye akili zake. Mwezi uliofuata Sikudhani hakwenda kikaoni, kwa kuogopa lile daftari, na baada ya miezi michache hawakumfuata tena.

Uliobaki ulikuwa mlango wa nyumba. Kwetu mtu hapigi kelele mlangoni kwa mtu. Atasema hodi, atasubiri. Atasema hodi ya pili, atasubiri. Ya tatu isipojibiwa, muungwana anaondoka, kwa kuwa mwenye nyumba ama hayupo ama hataki, na yote mawili yana heshima yake. Sikudhani aliitegemea desturi hiyo kama komeo. Ikipigwa hodi, aliganda pale alipo na kiatu mkononi, akazihesabu. Moja. Mbili. Tatu. Kisha alisikia nyayo zikienda, naye akashusha pumzi. Ofisa wa kodi hakuwa amekuja hata siku moja. Waliokuja walikuwa mama mwenye sahani ya futari iliyofunikwa kawa, fundi aliyerudisha mkasi, na jirani yake wa chumba cha mbele, Mama Kulwa, aliyetaka chumvi. Wote walipewa kimya kilekile. Maskini, wao walidhani anawadharau.

Upweke ulimwingia taratibu, wala yeye hakuuita upweke. Aliuita usalama. Alikula peke yake, akacheka peke yake na vichekesho vya kwenye simu, akaugua homa siku nne pasipo mtu wa kumkorogea uji. Siku ya tano aliamka, akapiga picha viatu.

Alikuwa na dada mmoja tu duniani, aitwaye Tatu. Ndiye mtoto wa tatu wa mama yao. Wawili wa kwanza hawakukaa. Sikudhani alikuja nyuma sana, mama akiwa ameshakata tamaa ya kuzaa, ndipo akapewa jina hilo. Mama alipofariki, Tatu alimchukua huyu mdogo mgongoni, akamlea kijijini kwa jembe na kwa nyimbo, maana Tatu alikuwa na sauti. Kwenye harusi walimfuata kutoka vijiji vya mbali aje apige vigelegele. Lakini hakujua kuficha jambo jema. Angepewa ile namba mpya, kijiji kizima kingeambiwa, "Mdogo wangu anauza viatu mjini, mpigieni!" Kwa hiyo Sikudhani alisema atampa kesho. Kesho ikawa miezi kumi na minne, Tatu akabaki anaijua nyumba tu, si namba.

Jumanne moja, jua likiwa la utosi, hodi ilipigwa. Sikudhani aliganda. Sauti ilikuwa ngeni, ya kukwaruza, kama ya mtu aliyemeza mchanga. Hodi ya pili ikaja. Alinyemelea dirishani, akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Mtu hakumwona vizuri, aliona mkono tu, na mkono ulishika bahasha kubwa ya kaki.

Leo wamefika, alijisemea.

Hodi ya tatu ilichelewa. Ilitoka kwa shida, imevunjika katikati, na baada yake mtu yule hakuondoka kama waungwana wanavyoondoka. Alisimama. Sikudhani alisikia pumzi zake nyuma ya bati la mlango, naye akaziba mdomo kwa kiganja ili za kwake zisisikike. Walisimama hivyo, huyu huku na yule kule, pengine hatua mbili kati yao. Hatimaye honi ya basi ikalia kule stendi, na nyayo zikaenda zake. Sikudhani aliketi sakafuni kati ya viatu vyake akacheka kidogo, akasema, "Alhamdulillahi, wamepita."

Siku tisa baadaye alikutana na Mama Kulwa bombani. Mama Kulwa alitaka kumpita kama ilivyokuwa kawaida yao, kisha akasita, akaenda chumbani kwake, akarudi na kifurushi cha karanga za kukaanga kilichofungwa kwa kanga ya zamani. Sikudhani aliitambua kanga hiyo kabla haijamfikia. Ndiyo aliyobebewa mgongoni.

"Mgeni wako alikiacha," Mama Kulwa alisema. "Nisingeweza kukuletea, wewe si mtu wa kuitikia hodi. Alikuwa anapelekwa hospitali kubwa kupasuliwa koo, bahasha ya picha zake za eksirei anayo mkononi. Alisema nikwambie alikuja kukuachia sauti yake, maana kule anakokwenda wataichukua."

Ndoo ilijaa ikamwagika, na hakuna aliyefunga bomba.

Sikudhani alipanda basi la kwanza lililopita. Alimkuta Tatu kitandani, hai, shingo imefungwa bandeji, macho yaleyale. Uvimbe ulitolewa na koromeo likaenda nao. Daktari alikuwa amemweleza mapema, ndiyo sababu alishuka stendi ile na kumsihi kondakta asimwache. Sikudhani alilia, akaomba radhi, akaeleza habari za laini, za ofisa, za bahasha, na kila alipoeleza aliona jinsi jambo lenyewe lilivyo dogo na la aibu. Tatu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha alinyoosha mkono akagonga chuma cha kitanda kwa kidole. Akasubiri. Akagonga tena. Akasubiri. Akagonga mara ya tatu.

"Karibu, dada," Sikudhani akasema. "Nipo. Nipo hapa."

Je, Tatu alikuwa anamtania, au alikuwa anamlaumu? Sikudhani hakujua, na mpaka leo hajui. Ni jambo ambalo sauti ya mtu hulionyesha, na sauti haikuwepo tena. Katika maisha yote ya sauti ile, sehemu aliyobakiwa nayo mdogo mtu ilikuwa hodi tatu alizozisikia akiwa ameziba mdomo.

Aliporudi mjini alikwenda ofisi ya kodi kwa miguu yake. Alimkuta ofisa mwanamke wa makamo, mwenye mafua, anayepenga kwenye leso. Akaulizwa shughuli yake. Lile jibu la zamani lilimpanda mpaka kwenye ulimi, akalimeza. "Nauza viatu," alisema. "Vya mtumba, kwa simu." Ofisa aliandika, akapiga chafya, akaomba radhi. Wakakaa wakaiangalia miaka yake mmoja baada ya mwingine, akakadiriwa, akapangiwa alipe kidogo kidogo. Nisiwadanganye kwamba hakikuwa kitu. Kilimuuma, miezi kadhaa alikula bila mboga. Lakini alitoka pale na karatasi yenye jina lake kamili, akaibandika ukutani juu ya kigoda, na yule mwenye bodaboda akamwonyesha anapoishi.

Siku hizi mlango wake huwa wazi tangu asubuhi. Hukaa pale anasugua viatu, na akisikia nyayo uani huinua kichwa. Nyayo hupita. Mama wa futari alishahama. Chama kina daftari jipya lisilo na jina lake, na Mama Kulwa akitaka chumvi huenda nyumba ya tatu, kwa sababu miguu yake ilishazoea hivyo. Wala si kwamba wanamchukia. Yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba pale hakuna mtu, nao walikuwa wanafunzi wazuri. Juzi alichukua kisahani chake cha chumvi, akatembea hatua ishirini mpaka mlango wa Mama Kulwa, akapiga hodi. Ndani kulikuwa na kishindo cha sufuria, kisha kukawa kimya. Akapiga ya pili. Sasa amesimama pale na kisahani mkononi, anatafuta moyo wa kupiga ya tatu.

Basi nawauliza nyinyi mliofunga milango kwa kumkimbia mmoja mnayemwogopa: mlango huo mliuambia umwache nani apite?