Kitufe cha Kukata Kelele

Palikuwa na mvuvi mmoja wa ziwani aliyeiandika mashua yake jina Amani. Alikuwa na redio ya mawasiliano, na mdogo wake naye alikuwa na yake kwenye mashua yake. Waliahidiana kwamba wakiwa majini hakuna kuizima.

Mwaka ule yule kaka mtu akanunua mashine yenye kioo, ile inayoonyesha samaki walipo chini ya maji. Akaifunga mwenyewe, haraka haraka. Tangu siku hiyo, kila akiwasha kioo, redio inakoroma: khrrrr! Akailaumu redio, akalaumu hewa, akamlaumu hata jirani mwenye injini mpya.

Mwishowe akaita fundi, naye alipoingia mashuani hakuchukua dakika tano.

"Mzee, kelele hii umeipakia mwenyewe. Waya wa kioo na waya wa redio umezifunga fungu moja. Nipe siku moja nizitenganishe."

"Siku nzima nisivue? Na samaki wanavyoonekana wiki hii! Hakuna njia ya mkato?"

Fundi akasita. "Kuna kitufe hiki cha kukata kelele. Lakini ukikizungusha sana, kinakata hata sauti hafifu za watu."

Mvuvi alisikia nusu ya kwanza tu. Akakizungusha mpaka mwisho. Kimya! Akafumba macho akasema, "Asante Mungu kwa amani hii."

Mnajua aliifaidi siku ngapi? Nne. Siku ya tano, saa nne asubuhi, ubao wa mashua ya mdogo wake uliachia na maji yakaingia. Waliokuja kumwokoa ni watu baki, waliokuwa wanapita tu. Shemeji yao aliyekuwa naye mashuani alipatikana siku ya tatu baada ya hapo, akiwa maiti.

Baada ya mazishi, mdogo mtu akakaa mbele ya kaka yake.

"Kaka, ulizima redio?"

"Haki ya Mungu, sikuizima. Ilikuwa inawaka. Ilikuwa kimya tu."

"Nilikuita mpaka betri ikaingia maji. Amani, Amani, Amani. Na nilikuwa nakuona kwa mbali, kaka. Umekiinamia kioo chako."

 

Wapendwa, mtu yule hakuwa mkatili. Redio yake iliwaka kweli. Na sisi je, hatuwaki? Si tuko hapa kanisani kila wiki, tunaimba? Lakini kelele zikizidi moyoni, hatukubali kuipandisha mashua nchi kavu hata siku moja tukatafute waya. Tunazungusha kitufe. Yule mjane wa jirani, ulimsikia lini mara ya mwisho? Na mama yako, anayeanza neno kwenye simu kisha anasema, "Basi, mwanangu, haidhuru"?

Mimi naogopa. Naogopa kwa ajili yenu na kwa ajili yangu. Kama ni siku nyingi hujasikia mtu akikuita, usikimbilie kushukuru. Kaangalie kitufe kwanza. Huenda yupo anayekuona sasa hivi, ulivyoinama, na bado anakuita.