Injini ya Bosi Mzamilu

Korogwe nzima wanalijua hili. Bosi Mzamilu, mwenye malori mengi mpaka mengine kayasahau, aliingia gereji ya Chambuso, kafundi kembamba kama kijiti cha meno.

"Kubadili injini ya hili lori, masaa mangapi?"

"Tisa, bosi."

"Wezi nyie. Nakupa matano, nahesabu tangu ushike spana. Ukizidisha, winchi yako naondoka nayo."

Bila winchi ya kuinulia injini Chambuso hana kazi, hana ugali. Akakubali. Akainama chini ya lori, akaguna.

"Kuna nini?"

"Nati hizi, bosi. Zinataka mwanaume. Wewe na hicho kitambi huziwezi."

Bosi akavua koti, akachukua spana. Nati ya kwanza ililia mpaka kuku wa mtaa wa tatu wakataga.

"Hiyo bahati tu. Inayofuata itakuvunja kiuno."

Akaifungua. Akafungua zote, akavuta mnyororo wa winchi mwenyewe, injini mbovu ikaning'inia kama mbuzi buchani. Jasho lilimtoka ndoo tatu na kikombe.

"Haya, nani mwanaume hapa?"

"Wewe, bosi," Chambuso akasema, akiokota spana kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Sasa tazama saa yako, ndiyo naanza."